Mtoto wa Kwanza wa Kazimili

Kwenye msiba wa baba yangu nilipewa kiti.

Asiyejua desturi za nyumbani kwetu ataona nimetendewa wema. Kiti cha plastiki chenye mgongo, kimefutwa vumbi kwa kanga, kimewekwa chini ya turubai pamoja na mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji. Lakini binti aliyefiwa hakai kwenye kiti. Anakaa chini mkekani, miguu ameinyoosha mbele, pamoja na wadogo zake na shangazi zake, ananuka moshi na jasho kama wao. Kiti ni cha mgeni. Nilikiacha pale pale nikaenda kuketi mkekani kando ya mdogo wangu Wema, na haukupita muda mke wa jirani akanifuata nacho amekibeba kichwani.

"Shangazi Mbuke amesema usije ukachafuka," akaniambia.

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Watu wakikukosea kwa ubaya unajua pa kuanzia. Wakikukosea kwa heshima unabaki kusema asante.

Naitwa Clarisse. Mama yangu, Nimpaye, alikimbia Burundi akiwa msichana, akapokelewa kambini Ngara, akapata kazi ya kufua nguo kwenye nyumba za watu wa mashirika. Mmoja wa watu hao alikuwa mzungu wa mitambo ya maji. Mkataba wake uliisha akaenda zake kabla mimba haijaanza kuonekana. Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu yake, na sijawahi kuomba niongezewe. Kazimili alikuwa Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na siku zile alikuwa akipeleka ng'ombe wa kuchinjwa kambini. Alimkuta mama amenibeba mgongoni. Akamwoa, akatuleta huku ndani, nyuma ya Lusahunga, mahali ambapo ukitaka kusikia malori ya barabara ya Rusumo lazima upepo uwe upande wako. Baadaye wakazaliwa Aron na Wema. Kwa hiyo mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Kazimili. Sijui kwa nini maneno machache kama hayo yamenila miaka thelathini kuwaeleza watu.

Maana nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu. Ninafundisha shule ya msingi Murusagamba, na kila Januari wazazi wapya wakileta watoto naanza upya: hapana, mimi si wa shirika, hapana, sijui Kifaransa, ndiyo, nywele ni zangu, na naomba usizivute. Ndugu za mama wakinitembelea wananiita binti wa Msukuma. Ndugu za baba wananiita binti wa Mrundi. Wote wakigombana nami wanakubaliana kwamba mimi ni wa mzungu. Na wazungu wenyewe, nikikutana nao Lusahunga wameshuka garini kununua maji, wananiuliza kama natafuta kazi ya ukalimani. Ukinikuta nimenuna sokoni, usidhani nina dharau. Nimechoka tu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniuliza swali lolote la namna hiyo, na huyo ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Shangazi Mbuke ni dada yake baba, mkubwa wake. Alikuja na basi kutoka Shinyanga na akaushika msiba wote mkononi mwake, kuanzia chumvi ya mboga hadi nani alale wapi. Niseme ukweli wake: ni mwanamke mwema. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Ila tangu nikiwa mtoto, alipokuwa akija kututembelea, Aron alipigwa kofi kwa kumwaga maziwa, Wema alitumwa kuokota kuni, na mimi nilipewa karanga za kukaanga nikaambiwa nikae nisiungue jua. Nilipokua ikawa hivyo hivyo. Msibani, Wema aliamriwa usiku na mchana: wewe leta sufuria, wewe nyamazisha mtoto. Mimi niliposhika ndoo ya maji shangazi alininyang'anya.

"Hapana, mwalimu. Wewe pumzika. Umetoka mbali."

"Shangazi, nimetoka Murusagamba. Wewe umetoka Shinyanga."

"Pumzika, mwalimu," akasema, na ndoo akampa Wema.

Wageni nao hawakunisaidia. Mzee mmoja wa kijiji cha pili alinipa pole ya safari, akakaa nami muda mrefu kwa adabu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama shirika letu bado linachimba visima. Nilimwambia mimi ni mtoto wa marehemu. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, alitusaidia wote." Nikamwacha na visima vyake.

Hayo yote niliyavumilia kwa sababu nilikuwa naisubiri asubuhi ya kumaliza matanga. Asubuhi hiyo watu wa nyumba hunyolewa nywele. Mjane ananyolewa ndani na wajane wenzake, na haruhusiwi kuvuka kizingiti mpaka watoto wamalizike. Watoto wananyolewa uani, mbele ya watu wote, na mwenye wembe ni dada wa marehemu. Wembe unaanza na mtoto wa kwanza, unashuka kwa umri mpaka kitinda mimba, halafu wajukuu. Majirani hawanyolewi, wala wakwe, wala marafiki hata walie vipi. Mchungaji wetu huwa anaondoka mapema siku hiyo, anasema ana ibada mahali. Kwa hiyo mtu akitaka kujua Kazimili ameacha watoto gani, haulizi. Anatazama vichwa.

Nilijua nikinyolewa, tena wa kwanza, mbele ya ukoo mzima, hakuna atakayeniuliza tena kitu katika kijiji kile. Na nisiponyolewa nitaondoka na nywele zangu kichwani, na kila atakayekutana nami njiani atakuwa amejibiwa. Nilifumua nywele tangu jana yake. Nikaziosha, nikazichana, zikaning'inia mabegani. Wema aliziona akatabasamu kidogo. "Utapata baridi," akaniambia.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Shangazi Mbuke aliketi kwenye kigoda katikati ya ua, beseni la maji mbele yake na sabuni ya kipande, na pembeni sahani ya bati yenye nyembe mpya. Siku hizi kila mtu na wembe wake, watu wa zahanati walishatuelimisha. Nikatoka na kanga yangu begani, nikasogea mbele kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa kusogea.

"Aron!" shangazi akaita.

Nikadhani anamtuma. Aron naye akadhani hivyo, akaja anakimbia, akiuliza maji yameisha? Shangazi akamvuta mkono akamketisha, akamlowesha kichwa, na kabla hatujaelewa kinachoendelea wembe ulikuwa umeshapita kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini. Nywele za mdogo wangu zikaanguka mabegani mwake. Nilisimama pale pale na kanga yangu. Watu walinitazama, halafu wakatazama chini.

"Shangazi," nikasema, "mimi ndiye mkubwa."

"Najua, mwalimu. Kaa. Kiti chako kile pale."

"Sitaki kiti. Nataka kunyolewa."

Hakuacha kunyoa. Alisema kwa upole ule ule alionipa nao karanga utotoni: "Nywele nzuli kama hizi tuzikate za nini? Watu wanatafuta nywele kama hizi kwa pesa. Zitunze."

"Sahani yako ina nyembe za wangapi?" nikamwuliza.

Hapo ndipo alipoinua macho. Nami nikawa nimeshazihesabu. Ulikuwepo wembe wa Wema, na zilikuwepo za wajukuu. Wangu haukuwepo. Hakuwa amesahau, basi. Mwanamke anayekumbuka chumvi ya mboga hasahau kichwa cha mtu. Nilikuwa na hasira, naam, lakini zaidi nilikuwa nimechoka, ule uchovu wa mtu aliyepanda mlima akaambiwa kumbe kijiji kiko mlima wa pili.

"Niambie ukweli, shangazi. Mimi si mtoto wa hapa?"

"Nani kasema hivyo?" Akaweka wembe magotini. "Sikiliza. Anayenyolewa hapa ni mtu asiye na baba. Wewe baba yako yupo huko Ulaya. Nikikunyoa leo, nimemzika mtu aliye hai. Anaweza akaanguka huko aliko, akafa, na hajui kosa lake. Hiyo damu itakuwa mikononi mwangu. Ndugu yangu alikupenda, sisi wote tunakupenda. Lakini siwezi kumwua baba yako."

Wazee wachache wakaguna kukubali. Nikatazama uso wa shangazi, nikaona kwamba hasemi kwa hila. Mama mzima, machozi yamemlengalenga, anamlinda mzungu wa mitambo ya maji asife. Miaka yote ile, zile karanga, kile kiti, ile ndoo, alikuwa ananitunza kama mali ya mtu mwingine ambaye siku moja atakuja kuichukua. Na mimi nilidhani hanipendi.

Nilicheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka chenyewe, na watu hawakukipenda.

"Shangazi, huyo mtu simjui jina. Hajawahi kuniuliza kama nimekula. Nimembeba usoni kwangu kila siku, sokoni, shuleni, kanisani, watu wanamsalimia yeye kabla ya kunisalimia mimi. Nimechoka kumbeba. Kama wembe wako unaweza kumzika, mzike."

"Astakafiru!" mtu mmoja akasema, ingawa hakuna Mwislamu aliyekuwepo.

Shangazi Mbuke akatikisa kichwa, akashika tena wembe wake, akageukia kichwa cha Aron. Aron akasimama. Upande wa kulia kichwa kilikuwa kinang'aa kama kibuyu kilichooshwa, upande wa kushoto nywele zote zipo. Mdogo wangu ni mtu wa maneno machache, anafuga ng'ombe na anaongea nao kuliko anavyoongea na sisi.

"Kaa chini," shangazi akamwambia.

"Hapana."

"Aron, wembe ukishaanza haurudi nyuma. Mtu hawezi kukaa nusu nusu."

"Nitakaa hivi hivi," akasema Aron. "Nusu hii inamngoja dada. Kama dada hanyolewi, nitakwenda nayo mnadani Lusahunga, na wakiniuliza nitawaambia shangazi yangu ameishia hapo."

Baadhi ya wanawake walificha midomo kwa kanga. Mzee mmoja akasema jambo hili ni baya sana, mfiwa kuachwa na nusu kichwa ni kuita msiba mwingine, na mwingine akasema baya zaidi ni kumwua mtu wa watu Ulaya, na mwingine akauliza kama kweli wembe wa Biharamulo unafika huko. Wakaanza kubishana kwa Kisukuma, kwa sauti, kana kwamba sipo. Nilitamani kuondoka. Nilifikiri juu ya begi langu lililokuwa chumbani, na pikipiki ya kunipeleka barabarani, na chumba changu Murusagamba ambako angalau ningefunga mlango. Nilishaanza kuvaa kanga yangu vizuri ili niende.

Ndipo kelele zikakatika, nami nikageuka.

Mama alikuwa amesimama nje ya mlango. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kidogo, nilikuwa sijui kama mama ana kichwa kidogo hivyo. Alikuwa amevuka kizingiti. Wajane waliokuwa naye ndani walibaki mlangoni wamenyoosha mikono, wameshindwa kumshika. Mwanamke huyu aliishi miaka yake yote kwa wakwe zake akipita kando ya ukuta. Alijifunza Kisukuma mpaka akawa anaota kwacho. Aliposemwa alinyamaza, niliposemwa mimi alinyamaza zaidi, na kuna miaka nilimchukia kwa ajili hiyo.

"Wifi," akamwambia shangazi Mbuke. "Mnyoe."

"Nimpaye, rudi ndani! Unajua unachofanya?"

"Najua. Nimeshatoka. Kama ni mwiko, nimeshauvunja mimi, ongeza na huo mwingine uwe mmoja. Kama kuna mtu atakufa Ulaya, sema ni Nimpaye amemwua. Mwanangu alikuwa na baba mmoja, na baba yake nimelala na maiti yake siku mbili chumbani humu. Mnyoe."

Halafu akanigeukia, akaniambia kwa Kirundi, lugha ambayo hakuwahi kuizungumza mbele ya wakwe, "Humura, mwana wanje." Usiogope, mwanangu. Akakaa chini palepale mlangoni, miguu ameinyoosha, kana kwamba nguvu alizokuwa nazo zilikuwa za maneno hayo tu.

Shangazi Mbuke alimtazama mama. Alimtazama Aron na nusu kichwa chake. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Nani ana wembe?"

Wema alishatoa wake kwenye sahani. "Mimi nitanunuliwa mwingine," akasema.

Nikaketi mbele ya shangazi. Maji yalikuwa ya baridi yakanitiririkia mgongoni. Nywele zangu zilikuwa zinateleza, wembe ulikuwa unakwama na kuruka, akanikata juu ya sikio akasema "samahani, mwalimu", akaendelea. Nilizitazama zikianguka kwenye kanga, ndefu, za kahawia. Sikuzionea huruma. Nilihesabu kwamba zikiisha zitaisha na maswali.

Zilipoisha, nikakung'uta kanga yangu. Jovina, binti wa Aron wa miaka minne, akasogea akanikazia macho.

"Shangazi ana kichwa cheupe!" akasema kwa mshangao. "Cheupe pe!"

Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, mtoto alikuwa amesema kweli. Ngozi ya kichwa changu haikuwahi kuona jua tangu nizaliwe. Nilikuwa nimevua kitu pekee kilichokuwa kinaifunika, na sasa, katikati ya vichwa vyeusi vya nyumba ile, changu kilikuwa kinaonekana kutoka mbali kuliko nilivyowahi kuonekana maishani. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Nilijiona mjinga. Yote yale, mama amevunja mwiko, Aron amedhalilika mbele ya wazee, ili mimi niwe mweupe zaidi.

Shangazi Mbuke alinitoa mikono kichwani kwa nguvu. Akachota mafuta ya ng'ombe kwenye kopo, akanipaka, anasugua kwa kiganja kizima mpaka shingo yangu inayumba.

"Nyamazeni!" akawafokea. "Hamjaona mfiwa? Na wewe unashikilia nini kichwa, kaa vizuli! Mtu mzima hovyo. Baba yako amekufa, unafikiria rangi."

Hakuwahi kunifokea hata mara moja katika maisha yangu. Na lile neno lilinifikia kama lilikuwa jipya. Baba yako amekufa. Tangu Aron aliponipigia simu nilikuwa nimeshughulika na mkeka na kiti na ndoo na nafasi yangu kwenye foleni ya wembe, nikilinda mlango ili nisitolewe nje, na sikupata hata nafasi ya kulia. Sasa hapakuwa na cha kulinda.

Nilimwona baba. Nilikuwa kidato cha kwanza, bweni, na wasichana wote wa shule walikuwa hawajanizoea. Alikuja kunitembelea siku isiyo ya wageni, na gunia la viazi begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, mweusi, mrefu, na fimbo yake ya kuchungia. Mlinzi ndiye aliyenisimulia baadaye, huku anajifuta machozi ya kicheko. Alimwuliza, mzee, wanafunzi hapa ni wengi, huyo binti yako nitamjuaje? Na Kazimili akamjibu bila kufikiri: "Utamjua tu. Tumefanana."

Nililia mpaka shangazi Mbuke akaweka kopo la mafuta chini, akanishika kichwa akakiegemeza magotini kwake, na Aron akaendelea kungoja na nusu yake.